Sindano ni rahisi, maswali ndiyo magumu: kipimo cha damu cha tezi dume na baba zetu

SEHEMU YA 1: "Hii 14 ni nje ya ngapi?"

 

Tangu nilipoandika kuhusu presha za wazee wetu, swali linalonijia zaidi ni hili: "Nesi, nimpeleke baba akapime tezi dume? Nasikia siku hizi ni damu tu, hamna tena mambo ya kidole." Nimelikwepa muda mrefu kwa sababu jibu langu linaanzia nyumbani kwetu, na mwenye kosa ni mimi. Leo naanza kulijibu. Tutakwenda nalo siku sita, kidogo kidogo.

Mwaka juzi mwezi wa nane baba yangu alikuja kunitembelea kutoka Singida. Ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, wakati ule alikuwa na miaka 66, mtu wa kuamka alfajiri na kuvaa shati la mikono mirefu hata kama haendi popote. Wiki ile kulikuwa na kambi ya vipimo bure karibu na ninapoishi. Nikamwambia, "Baba, kesho twende ukapime afya." Hakubisha. Wazazi wetu wakija mjini wanatufuata tu kama watoto, sijui kama mmeshaliona hilo.

Tukapanga foleni. Wakampima presha, wakampima sukari, wakachukua na damu ya tezi dume. Hakuna aliyemuuliza kitu. Yule kijana aliyemchoma hakuuliza, na mimi niliyesimama pembeni nimemshikia koti sikuuliza. Baadaye karatasi ikatoka: PSA 14.2, na pembeni mshale mwekundu unaoangalia juu. Kijana akasema, "Mzee, yako iko juu, nenda hospitali kubwa," kisha akaita jina linalofuata.

Kwenye bajaji baba akavaa miwani, akaisoma ile karatasi juu mpaka chini. Akaniuliza, "Mwanangu, hii 14 ni nje ya ngapi?"

Nikasema, "Kawaida wanasema mwisho ni 4, baba."

Akaikunja, akaiweka mfuko wa shati. Mtu aliyesahihisha madaftari ya watoto maisha yake yote anajua wino mwekundu una maana gani. Jioni hakula. Nilimweleza kwamba namba peke yake si saratani, kwamba kuna sababu nyingi. Alinisikiliza kwa adabu kama anavyomsikiliza mtu yeyote, lakini alama ilishatolewa. Siku ya tatu akasema anarudi nyumbani, ana kazi.

Wiki iliyofuata mama akanipigia. Baba amemwita kaka yangu, amemtembeza shambani kumwonyesha mipaka. Ameuza ng'ombe wawili "kabla mambo hayajawa mabaya". Usiku halali.

Kaka akamchukua kwa nguvu ya upole akampeleka kwa daktari. Yule daktari, Mungu ambariki, kabla hajagusa karatasi aliuliza maswali. Mzee, mkojo unawaka? Ndiyo. Tangu lini? Tangu kabla ya safari. Homa na kutetemeka? Ndiyo, siku mbili tatu. Ulimwambia binti yako nesi? Hapana, daktari, nitamwambiaje binti yangu mambo hayo?

Alikuwa na maambukizi kwenye njia ya mkojo yaliyofika mpaka kwenye tezi. Akapewa dawa za wiki kadhaa, akamaliza, wakasubiri, wakarudia kipimo. Ikaja 2.9.

Ng'ombe hawakurudi.

Mimi kila siku wodini nawauliza wanaume nisiowajua kuhusu mkojo wao bila kupepesa macho. Baba yangu mwenyewe nilimwonea haya, nikaona afadhali achomwe sindano, damu iseme yenyewe. Na hapo ndipo ulipo msimamo wangu katika siku zote hizi sita: tatizo letu na kipimo hiki halipo kwenye sindano. Tumeikimbilia sindano ili tukwepe maswali.

SEHEMU YA 2: Hicho kipimo kinapima nini hasa?

Asanteni kwa salamu za baba, amezipata. Leo tuelewe kipimo chenyewe.

Tezi dume ni tezi ya wanaume tu. Ipo chini ya kibofu cha mkojo na imeuzunguka mrija wa mkojo, kama shanga ilivyouzunguka uzi. Kwa kijana ina ukubwa unaokaribia mbegu ya parachichi ndogo. Kazi yake ni kutengeneza sehemu ya majimaji ya manii. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema "fulani ana tezi dume" kama vile ni ugonjwa, mwambie taratibu kwamba kila mwanaume anayo, amezaliwa nayo. Kinachougua ni hiyo tezi.

PSA ni protini inayotengenezwa na tezi hiyo. Inasaidia manii yawe mepesi ili mbegu ziweze kuogelea, kwa hiyo hata sisi wenye watoto inatuhusu. Kwa kawaida protini hii inabaki hukohuko kwenye tezi, na kidogo tu inavuja kuingia kwenye damu. Kipimo kinapima hicho kilichovuja.

Sasa jiulize, nini kinaweza kuifanya ivuje zaidi? Saratani, ndiyo. Lakini pia tezi iliyotanuka kwa umri, jambo linalowapata wanaume wengi wakishavuka miaka 50 na ambalo si saratani. Pia maambukizi, kama ya baba yangu. Pia kuziba mkojo na kuwekewa mpira. Pia kumwaga manii ndani ya siku mbili kabla ya kupima. Pia kuendesha baiskeli mwendo mrefu.

Nawapa mfano wa jikoni. Umesikia harufu ya kuungua. Inawezekana nyumba inaungua. Inawezekana ni maharage yameshika chini. Inawezekana ni jirani anachoma taka. Harufu inakwambia nenda kaangalie, haikwambii ukakute nini.

Namba zenyewe zinasema hivyo hivyo. Kwa miaka mingi mpaka uliotumika ni nanogramu 4 kwa kila mililita ya damu. Mwanaume mwenye PSA kati ya 4 na 10, uwezekano wa kukutwa na saratani akichukuliwa kinyama ni kama mmoja kati ya wanne. Yaani watatu kati ya wanne hawana. Ikivuka 10 uwezekano unapita nusu, ila hata hapo baba yangu alikuwa na 14 na hakuwa nayo.

Na upande wa pili, huu watu wengi hawausemi: chini ya 4 si cheti cha uzima. Mwaka 2004 huko Marekani walichapisha matokeo ya utafiti uliowachukua vinyama wanaume wenye PSA ya 4 kushuka chini. Asilimia 15 walikutwa na saratani. Nyingi hazikuwa za kali, lakini zilikuwepo.

Kwa hiyo namba ya juu si hukumu, na namba ya chini si msamaha. Ndiyo maana karatasi ile haiwezi kujisomea yenyewe, na wala mtu asiipeleke kwenye kundi la familia la WhatsApp ili shangazi na binamu waitafsiri.

SEHEMU YA 3: Mzee wa kitanda cha dirishani

Baada ya mliyosoma jana, dada mmoja ameniandikia: "Basi bora tusipime kabisa, maana ni kutiana presha tu." Hapana, dada yangu. Leo nawaambia kwa nini hapana. Nimebadilisha mambo kidogo ili mhusika asitambulike.

Aliletwa wodini kwetu mzee mmoja amebebwa na wanawe wawili. Hakuja kwa mkojo, alikuja kwa miguu. Asubuhi ile alitaka kushuka kitandani miguu ikakataa. Miezi kadhaa alikuwa na maumivu ya mgongo, wakamchua kwa dawa za kuchua, wakasema ni mgongo wa jembe. Tulipompima PSA ilikuwa mamia. Saratani ya tezi dume ilishafika kwenye mifupa ya uti wa mgongo na kubana mishipa inayokwenda miguuni.

Ugonjwa ukifika hapo hatuzungumzi tena habari ya kuponya. Tunazungumza habari ya kupunguza kasi na maumivu. Homoni ya kiume ndiyo inayolisha saratani hii, kwa hiyo daktari anaieleza familia njia mbili: sindano za kuishusha homoni hiyo, ambazo zinaendelea na zina gharama, au upasuaji wa kutoa korodani. Nimekuwepo chumbani maneno hayo yakisemwa kwa mwanaume wa miaka 70 mbele ya watoto wake. Mzee alitazama dirishani muda mrefu, halafu akauliza kama ataweza kutembea. Hatukuweza kumwahidi.

Mkewe alinifuata baadaye pale kwenye meza ya manesi. Akasema, "Sista, mimi nilikuwa namsikia kila usiku anaamka kwenda kukojoa. Nilihesabu mpaka mara sita. Nikajua ni uzee, nikanyamaza."

Niwe mkweli kwenu, kuamka usiku mara nyingi kunatokana na tezi kutanuka kwa kawaida, si saratani. Saratani yenyewe ikiwa changa haina dalili yoyote, haiumi, haiwashi. Lakini yule mzee angekuja kwa sababu ya kuamka usiku, daktari angemuuliza, angempima, na huenda tungeukuta ugonjwa ukiwa bado ndani ya tezi.

Yule mama alisikia na alihesabu. Wanawe walikuwa wanatuma hela kila mwezi. Hakuna aliyeuliza.

Hapa Tanzania saratani ya tezi dume ndiyo inayoongoza kwa wanaume. Na wanaofika Ocean Road, Muhimbili, KCMC au Bugando, wengi wanafika ugonjwa umeshasambaa. Wanaume wenye asili ya Afrika wako kwenye hatari kubwa zaidi kuliko wengine. Kwa hiyo sisi si watu wa kusema "bora tusijue". Nimeona kutojua kunavyokuwa. Kuna kitanda dirishani.

SEHEMU YA 4: Kwa nini hata wataalamu wamebishana

Siku ya leo ni ngumu kidogo, mvumilie. Ukisoma mtandaoni utakuta wengine wanasema pimeni wote, wengine wanasema msipime. Wote wana sababu.

Kipimo hiki kiliruhusiwa Marekani mwaka 1986 kwa ajili ya kufuatilia watu ambao tayari wanajulikana wana saratani. Mwaka 1994 kikaruhusiwa kusaidia kuitafuta. Kikapendwa sana, maana ni damu tu. Wanaume wengi wasio na dalili yoyote wakapimwa, wengi wakakutwa na vijisaratani vidogo, na wengi wakapasuliwa au kuchomwa mionzi.

Hapo ndipo shida ilipoonekana. Saratani nyingi za tezi dume zinakua polepole mno. Mwanaume anaweza kuwa nayo, akaishi, akafa uzeeni kwa jambo jingine kabisa bila kujua. Lakini ukishampasua, anaweza kubaki na madhara: mkojo unaovuja mwenyewe, nguvu za kiume zinazopotea. Kwa mtu ambaye ugonjwa wake usingemuua, hayo ni mateso ya bure. Richard Ablin, mtafiti ambaye kazi yake ya mwaka 1970 ilihusu protini za tezi hii, mwaka 2010 aliandika gazetini kulalamika kwamba kipimo kinatumika vibaya kwa kupima kila mtu. Mwaka 2012 jopo la wataalamu wa kinga la Marekani likasema wanaume wasipimwe kiholela kabisa. Mwaka 2018 likabadilisha: wenye miaka 55 hadi 69 wazungumze kwanza na daktari, kisha kila mmoja aamue, wenye miaka 70 na zaidi wasipimwe kama hawana dalili.

Na huko Ulaya kuna utafiti mkubwa ulioanza miaka ya 1990, wa wanaume zaidi ya 160,000. Baada ya miaka 23 wamekuta kundi lililoalikwa kupimwa lilikuwa na vifo vya saratani hii pungufu kwa asilimia 13. Kwa lugha nyingine, ili mmoja aepuke kufa kwa ugonjwa huu walialikwa wanaume 456. Na kwa kila wanaume 12 wa ziada waliogundulika, mmoja ndiye aliyeepushwa kifo hicho. Kipimo kinaokoa. Kinaokoa wachache, na kinawabebesha wengine jina la saratani.

Cha kutia moyo ni kwamba siku hizi kukutwa nayo si lazima upasuliwe. Uingereza waliwafuatilia wanaume 1,643 waliokutwa na saratani ambayo bado iko ndani ya tezi. Wengine walipasuliwa, wengine walichomwa mionzi, wengine walifuatiliwa tu kwa karibu. Matokeo ya mwaka 2023 yalionyesha kwamba baada ya miaka 15, waliokufa kwa saratani hiyo walikuwa kama 3 kati ya 100, na makundi yote matatu yalikaribiana.

Sasa maoni yangu mimi nesi wenu. Tafiti hizi nyingi zimefanywa kwa wanaume wa Ulaya wanaokutwa na ugonjwa mapema mno. Shida yao ni kugundua kupita kiasi. Shida yetu ni kugundua tukiwa tumeshachelewa. Siwezi kuchukua "msipime" ya kwao nikaileta Singida ambako mzee anachuliwa mgongo mpaka miguu inakufa. Lakini pia siwezi kuunga mkono foleni ya watu mia wanachomwa, wanapewa mshale mwekundu, wanaambiwa nenda hospitali kubwa. Karatasi bila maelezo si huduma. Anayepima bila kuuliza na bila kueleza ameshaharibu, hata kama ni bure na hata kama nia ni njema.

Na nasema hivyo nikijua kwamba mimi mwenyewe nilisimama kwenye foleni hiyo.

SEHEMU YA 5: Nani, lini, na maswali ya kabla ya sindano

Leo ni ya kuhifadhi kwenye simu.

Tuanze na waume zetu. Mume wako ana miaka 34, hana dalili, hana historia kwenye ukoo? Hahitaji kipimo hiki. Usimsumbue. Akipata mkojo unaowaka au homa na maumivu ya chini ya tumbo aende hospitali kama mgonjwa mwingine yeyote.

Wanaohitaji mazungumzo ya kupima ni hawa:
– Mwanaume mwenye miaka 50 na kuendelea, mwenye afya ya kutosha.
– Kuanzia miaka 45 kama baba yake au kaka yake aliugua saratani hii kabla ya miaka 65. Shirika la Saratani la Marekani linawaweka pia Wamarekani weusi kwenye umri huo wa 45, na mimi naona hilo linatugusa.
– Kuanzia miaka 40 kama ndugu zaidi ya mmoja wa damu ya karibu waliugua mapema.
– Na hii msiisahau: kama kwenye ukoo kuna saratani ya matiti au ya mayai ya uzazi kwa akina mama waliougua wakiwa bado vijana, mwambieni daktari. Kuna vinasaba vinavyorithiwa ambavyo kwa mwanamke vinaleta saratani ya titi na kwa mwanaume vinaongeza hatari ya tezi dume. Historia ya bibi inamhusu mjukuu wa kiume.

Mwenye dalili hangojei umri: mkojo unaotoka kwa shida au kukatika katika, kuamka usiku mara nyingi, damu kwenye mkojo au manii, maumivu ya mgongo au nyonga yasiyoisha. Mkojo ukiziba kabisa, au miguu ikianza kufa ganzi na kulegea, ni dharura. Siku hiyo hiyo, si kesho.

Maswali kabla ya sindano:
1. Mkojo unawaka? Kuna homa? Kama ndiyo, atibiwe kwanza. Kipimo kisubiri wiki 6 hivi baada ya kupona.
2. Amewekewa mpira wa mkojo hivi karibuni? Naye asubiri.
3. Ndani ya siku mbili zilizopita ametoa manii, au ameendesha baiskeli mwendo mrefu? Asogeze siku.
4. Anatumia finasteride kwa ajili ya tezi iliyotanuka au nywele? Dawa hii ikitumiwa kwa miezi kadhaa inashusha PSA kama nusu, namba inaweza kudanganya. Daktari ajue.
5. Ikija juu, tumejiandaa kufanya nini? Hili ndilo swali kubwa. Kama mzee ana miaka 82 na moyo umechoka, na amesema hataki kupasuliwa wala kuchomwa chochote, tunampima ili iweje?

Hahitaji kufunga kula. Na akipimwa kwa kile kipimo cha haraka kinachosema "ndiyo" au "hapana" tu, ombeni kipimo cha maabara kinachotoa namba. Namba inafuatiliwa mwaka hadi mwaka, "ndiyo" haifuatiliki.

Ikija juu: msiuze kitu. Hatua ya kwanza mara nyingi ni kutafuta maambukizi na kurudia kipimo, ikiwezekana maabara ile ile. Kisha ultrasaundi, au MRI pale ilipo. Kinachothibitisha saratani ni kinyama kinachochukuliwa na kuangaliwa kwa hadubini, si damu. Ikija chini: ikiwa chini ya 2.5 inatosha kurudia baada ya miaka miwili, kuanzia 2.5 kwenda juu, kila mwaka.

Kuhusu kidole, maana najua mnangoja. Kwa mtu asiye na dalili, siku hizi wengi wanaanza na damu, hilo ni kweli. Kwa mwenye dalili, kidole bado kina kazi. Daktari anagusa kama tezi ni laini, ngumu, au ina vinundu, mambo ambayo damu haiyajui. Ni glavu, mafuta, na muda usiofika dakika moja. Sisi tumezaa, wapendwa. Tunajua kupimwa na kidole ni nini na hakuna aliyetuandikia vichekesho. Mwambieni hivyo kwa upole.

Na zile chupa za "kusafisha tezi dume ndani ya siku 14" acheni hukohuko. Tezi haisafishwi. Mtu anakunywa miezi sita, hela imekwenda, na muda ambao ungemsaidia nao umekwenda.

SEHEMU YA 6: Nani aulize?

Tunamaliza. Nimewapa maswali. Sasa nani atayauliza?

Najua mtaniambia, "Nesi, baba mkwe wangu nitamuulizaje habari za mkojo?" Huwezi, na wala sikwambii ufanye. Heshima zetu zina maana yake. Nilichojifunza kwa hasara ni kwamba heshima haikatazi swali kuulizwa, inachagua tu nani alibebe. Kwa baba mkwe, swali linabebwa na mume wako. Kwa baba yako mzazi, kaka yako, au baba mdogo, au rafiki yake wa msikitini au jumuiya. Kama ndugu wa kiume hayupo, mpeleke mzee kwa daktari, kisha mwambie daktari mbele yake: "Baba atazungumza na wewe, mimi nakaa nje." Utoke kweli. Wengi wanasubiri tu binti atoke.

Kwa mumeo mwenyewe, hapo hamna wa kumtuma. Usimvizie. Usimpeleke "kupima afya" kama nilivyomfanyia baba. Usianze kwa "wewe sasa mzee". Chagua muda mmetulia, watoto wamelala. "Baba Neema, nakusikia usiku unaamka sana siku hizi. Linanipa wasiwasi. Lini tunaweza kwenda?" Akikasirika mwache, rudi tena wiki ijayo. Kadi ya kliniki ya mtoto hatuiachi kwa sababu mtoto alilia siku ya chanjo.

Na tunapoona kambi za vipimo bure mtaani kwetu, tuwe na ujasiri wa kuuliza kabla ya foleni: majibu yakija juu, nani anakaa na mzee kumweleza? Ana kwenda kwa nani, siku gani? Kama hakuna jibu, mpimeni presha na sukari mrudi nyumbani. Ya tezi dume mtaifanya kwa daktari mwenye muda wa kuuliza. Wenzangu wa afya msinichukie kwa hili. Dakika tano za maswali tunazo, tukiamua.

Baba hajambo. Baada ya ile 2.9 alikataa hospitali kabisa, zaidi ya mwaka. Hata presha alikataa kupima, na hilo nalo ni deni langu. Mwaka huu mwezi wa tatu kaka alimpeleka tena. Safari hii alikwenda na daftari, ameandika mwenyewe kwa mwandiko wa ubaoni: mkojo hauwaki, homa hakuna, usiku naamka mara mbili, baba yangu mzazi alikufa na mkojo umeziba, sababu haikujulikana. Hilo la mwisho, la babu, hatukuwahi kulisikia. Daktari alikaa naye. PSA ikaja 3.3. Wamekubaliana wataifuatilia kila mwaka.

Akanipigia kunipa majibu. Nikajikaza, nikauliza, "Na mkojo, baba, unatoka vizuri?"

Kukawa kimya kidogo, halafu akasema, "Unatoka vizuri, mwanangu." Tukahamia kwenye bei ya alizeti.

Wiki hii, kila familia ichague mtu mmoja wa kuuliza. Damu itafuata.